Gunia Kwanza, Debe Baadaye

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mjukuu wangu, ni ile niliyosimama juani tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, nikiwangoja wanawake waamue kama mimi ni mtu au si mtu. Usicheke bado. Kicheko kipo mbele.

Jana ulinipigia simu ukasema mashine yako mpya ya kusaga inasimikwa pale Endasak wiki ijayo, na umeme umeshavutwa. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujaandika tangazo lolote ukutani, sikiliza habari ya tangazo nililoandika mimi.

Enzi zile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yametanda tambarare yote chini ya Mlima Hanang. Nilifanya kazi huko misimu miwili, nikimshikia spana fundi wa matrekta, na nikatoka nikiijua injini ya dizeli kuliko nilivyowajua watu. Kijiji chetu kilipopata mashine ya kusaga, nani mwingine angekabidhiwa? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, oili mikononi, kofia kichwani, nikajiona bwana mkubwa.

Dizeli ilipatikana kwa kibali, tena kwa shida. Mimi nikaona kwamba wanaoimaliza ni wanawake. Kila mmoja alikuja na debe moja mgongoni, akafungua mfuko polepole, akamsalimia mwenzake, na injini inanguruma bure. Wanaume wachache walikuja na magunia juu ya punda, na gunia likishamiminwa mashine inakula mfululizo. Nikakaa na kamati, wanaume watano pamoja nami, tukapanga kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaandika kwa mkaa juu ya mlango: GUNIA KWANZA, DEBE BAADAYE. Tukapeana mikono kwa kazi nzuri. Kati yetu sisi watano, hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba debe la mahindi mgongoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi hatukuwa tumekigusa hata kwa mkono.

Wa kwanza kunionya alikuwa Mama Tluway, mjane mmoja wa kijijini kwetu, mfupi, mwenye sauti ndogo. Alikuwa hajui kusoma, akasomewa lile tangazo, akaniangalia.

"Mwanangu, gunia halina mimba," akasema. "Gunia halinyonyeshi, wala halijaacha moto jikoni. Hilo linaweza kusubiri."

"Shikamoo mama," nikamjibu, "lakini dizeli nayo haijui mimba."

Nilianza na shikamoo, nikamaliza na ujinga. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile masikio yanapata moto.

Haukupita mwezi akaja Veronika, binti wa Kibarbaig aliyeolewa upande wa pili wa shamba la ngano, na mimba yake kubwa. Njia yao ya mkato ilikuwa imelimwa, kwa hiyo alilizunguka shamba zima kwa miguu na debe lake mgongoni. Alifika asubuhi. Yakaja magunia, nikamruka. Yakaja mengine, nikamruka tena. Mara ya tatu alinitazama tu, na mimi nikajifanya nakaza nati. Alasiri akabeba mahindi yake bila kusagwa, akaondoka. Mama Tluway alimfuata, pamoja na msichana mmoja aitwaye Paskalina, ambaye mimi nilikuwa nimekwisha kumpelekea washenga.

Uchungu ulimshika Veronika kando ya ngano. Akajifungua pale pale chini, Mama Tluway akimpokea mtoto, Paskalina amekinga upepo kwa kanga yake. Mungu ni mwema, mama na mtoto walikuwa salama, na mtoto akaitwa Safari. Lakini habari iliponifikia nilizima mashine, nikakaa juu ya gunia la mtu. Kwa ajili ya kibaba cha dizeli nilikuwa nimekaribia kuua watu wawili.

Sasa, nyinyi mliokulia mjini hamjui. Kwa Wabarbaig, mwanamume akimtesa mwenye mimba au aliyejifungua, kesi haiendi kwa wazee wa kiume. Wanawake wenyewe wanakaa baraza lao, mwanamume hakaribii mpaka aitwe, na wanaloamua ndilo hilo. Asubuhi iliyofuata wakaja na fimbo zao, wakakaa kwenye nyasi mbele ya mashine. Na wanawake wa Kiiraqw wa kijiji chetu, ambao desturi ile si yao, wakaenda kukaa nao. Nikamkimbilia baba anisaidie.

"Pale mimi sina mdomo," baba akasema. "Nenda mwanangu, na uvue kofia."

Nikasimama mbali kidogo, nikingoja kuitwa. Jua likapanda. Nikasogea hatua mbili ili nijieleze, Mama Tluway, waliyemweka mbele kwa kuwa ndiye aliyempokea mtoto, akainua fimbo.

"Subiri. Tunaanza na magunia."

Wanawake wote wakacheka. Nikarudi nyuma. Saa sita nikasogea tena, nikajibiwa vile vile. Koo limekauka, miguu inaniuma, nikatafuta mahali pa kujishikiza. Hapakuwepo. Ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miezi minane ya kazi: mbele ya mashine yangu hapakuwa na kivuli, wala benchi, wala mtungi wa maji. Muda wote ule nilikuwa ndani, wao walikuwa nje. Nikaona aibu, mwanangu, aibu ya kweli, siyo ile ya kuogopa adhabu.

Jioni wakaniita. Hukumu ilikuwa dume jeusi la ng'ombe, lichinjwe na kuliwa na wanawake peke yao. Nikikataa, nitalaaniwa, na hakuna mwanamke atakayeleta hata punje kwenye mashine ile. Dume jeusi nilikuwa nalo moja, nimelitunza kwa ajili ya mahari ya Paskalina. Nikaanza kujikunakuna na kusema kwamba jeusi hasa sidhani kama ninalo.

Sauti ikatoka katikati ya wanawake. "Analo. Lina doa dogo chini ya tumbo, lakini hilo doa halihesabiki."

Alikuwa Paskalina mwenyewe.

Nikang'oa nyasi mbichi, nikazishika kwa mikono miwili kama anavyofanya mtu anayeomba amani, nikasema, "Nimekosa, mama zangu. Dume ni lenu. Nami naomba mnifundishe foleni iendeje."

"Ndiyo mara yako ya kwanza kutuuliza," akasema Mama Tluway, na sauti yake ilikuwa imelainika.

Wakanipangia pale pale. Mjamzito, mwenye mtoto mchanga na bibi kizee waanze. Wengine wafungue mifuko wakiwa bado kwenye foleni, na anayefuata asimame na debe lake karibu na mdomo wa mashine, wa mbele akimaliza yeye anamimina. Magunia yaje siku moja baada ya mnada. Basi dizeli ile ile ikaanza kusaga mahindi mengi kuliko zamani, kwa sababu injini haikunguruma bure tena. Dawa ya tatizo langu ilikuwa imesimama juani mlangoni kwangu miezi yote ile. Nikajenga banda la nyasi na benchi, na tangazo nikalifuta kwa mikono yangu.

Paskalina nilimwuliza baadaye kwa nini alinichoma vile. Akanijibu bila kupepesa macho: "Lile dume lingekwenda kwa baba yangu, mimi nisingeona hata mfupa. Afadhali nimekula ini lake." Huyo ndiye bibi yako. Baba yake alingoja dume jingine mwaka mzima, na hakufa.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: biashara si hesabu ya magunia tu. Kanuni inaweza kuwa sawa kwenye karatasi ikamuumiza mtu mlangoni. Kabla hujaiweka, mtafute atakayeibeba mgongoni, umuulize yeye kwanza, tena umuulize ukiwa umesimama anaposimama yeye. Nyumbani ni vivyo hivyo. Usipange siku ya mkeo ukiwa umekaa na wanaume wenzako. Na ukikosea, usitafute doa tumboni mwa ng'ombe. Toa yule mweusi.

Mungu akubariki wewe na mashine yako. Mvua ikufuate, unga wako uwe mweupe, na nyasi mbichi zisikauke mlangoni kwako. Safari, yule mtoto wa kwenye ngano, sasa ni babu kama mimi, na anakaa hapo hapo Endasak. Nimemwambia wajukuu zake wakuletee mahindi ya kwanza ya kusaga. Watakuja na debe.