Kiti cha Mama Mkwe na Vumbi la Fundi

Siku ninazozikumbuka, mwanangu, ni zile nilizopiga magoti mbele ya kiti kitupu nikakiomba msamaha. Usicheke. Nilikuwa mke mchanga hapa Kendu Bay, nimetoka kwetu Uriri, dada yako Akinyi ana miaka mitatu. Mama mkwe wangu tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na kiti chake cha mbao kilikaa sebuleni kwetu.

Baba yako alileta fundi kutoka Ndhiwa akwangue chokaa ya zamani na kupiga plasta mpya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulikuwa na nyufa za kupitisha mjusi na wanawe. Kila alipokwangua, vumbi jeupe lilijaa nyumba nzima. Nikilalamika, ananijibu, "Mama, hiyo ni vumbi tu. Haiumi mtu."

Sasa, mama mkwe alikuwa amenifunza kwamba taka hazitolewi nje jua likishatua; unazisukuma pembeni zingoje asubuhi. Neno lake nililishika kama amri. Fundi alifanya kazi mpaka giza, nami nikafagia, nikalundika vumbi nyuma ya mlango, tukalala.

Asubuhi vumbi lilikuwa limerudi. Liko mezani, vikombeni, juu ya mito. Nikafagia sakafu, nikainua macho, nikakiona kiti. Kilikuwa cheupe chote isipokuwa mahali pa kukalia na pa kuegemea. Hapo palikuwa pasafi, kana kwamba mtu ameketi muda mrefu kisha akaondoka. Mlango tulikuwa tumeutia komeo kwa ndani.

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu niligusa egemeo nikalikuta lina unyevu. Nilijua ni mama mkwe, na kwamba amekasirishwa na kuta tulizozigusa. Sikumwambia baba yako. Kila asubuhi nilifagia, nikapiga magoti, nikaomba msamaha, nikamsihi aende akapumzike. Akinyi alikuwa akikohoa siku hizo na kusinzia juu ya uji, nami niliogopa kwamba marehemu amemjia mtoto.

Hivyo ndivyo alivyonikuta waya, kama tunavyomwita shangazi wa baba yako, mama asiye na maneno mengi.

"Nyar Uriri, binti wa Uriri, unaongea na nani?"

Nikamweleza yote. Hakucheka. Aliinama akakitazama kile kiti kwa karibu.

"Sakafu unafagia kabla ya kuangalia kiti, ama baada?"

"Kabla, waya."

"Basi umefuta nyayo."

Akamwita Akinyi, akampandisha kitini. Mwili wake mdogo ulienea kwenye ile alama bila kubakisha pengo, na mgongo wake ulikuwa na jasho. Hofu haina futi ya kupimia, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeona alama ya mtu mzima.

"Wewe hukaa hapa usiku?" waya akamuuliza.

"Nikilala, hewa inakataa," Akinyi akasema.

Waya akanigeukia. "Nyathi, mtoto huyu, anatafuta pumzi kwa kiti, na wewe unasalimia wafu! Mfunge mgongoni, twende hospitali."

Huko Homa Bay daktari aliniuliza kama mtoto tunamlaza kwenye stoo ya saruji. Nililia kwa aibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikilundika kwa mikono yangu nyuma ya mlango, upepo wa ziwani ukawa unapenya chini ya mlango na kukitawanya tumelala.

Tuliporudi, waya alishika kitambaa chenye maji, si ufagio. Nikamkumbusha neno la mama mkwe kuhusu taka na jua. Akasema, "Neno lake liheshimu. Lakini nani alikwambia fundi afanye kazi mpaka giza?"

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayebomoa ukuta wa sebule kwa grinda, ile mashine ya kukatia, huku mtoto wako amelala chumba cha pili. Mlete kwangu leo, akae mpaka kazi iishe. Mlango wa chumba utundikie shuka iliyoloweshwa. Fundi aweke chini vifaa saa kumi alasiri, unyunyize maji kabla ya kugusa chochote, upanguse kuanzia juu kwenda chini, na taka zitoke jua likiwa bado lipo. Na fundi akishaondoka usidhani yamekwisha. Vumbi lililopanda darini litashuka kwa siku kadhaa, nawe urudie kupangusa bila kuchoka.

Akinyi alipona, lakini upepo wa ziwani ukivuma kifua chake bado hupiga mluzi. Hajawahi kuniuliza kwa nini. Mimi kila nikiusikia, huona kile kiti.

Nenda basi. Nyasaye, Mungu wetu, akujalie nyumba ambayo mtoto hulala chali mpaka jua limfikie usoni, na asubuhi usikute kiti chochote kimekaliwa.