Tuliomba Kabla ya Kuwasha Injini

Watu wangu, mwili bado unanisisimka, na si baridi ya huku kwetu Sosiot.

Tulikuwa tumemaliza kufunga upya injini ya pickup ya Mama Cherono, ile hubeba majani chai. Majani yenyewe yalishaanza kupata joto kwa magunia, karibu yaharibike. Nikashika ufunguo, Mama akanizuia.

"Fundi, hatuwashi kabla tuombe."

Haya, tukavua kofia. Mama akaombea betri, akaombea barabara, akaombea mpaka wachumaji.

Mimi nilikuwa nimeinamia injini, kifuniko cha juu bado hatujarudisha. Hapo ndipo nikaiona.

Pushrodi moja, zile fito za chuma zinazosukuma valvu, ilikuwa imeegemea ukingo wa tapeti, kile kikombe chake, badala ya kukaa ndani yake. Ningewasha, ingepinda papo hapo!

"Ngoja, Mama!" Katikati ya maombi.

Nikaikalisha vizuri. Tukawasha.

Jamani. Injini ilinguruma laini, hakuna hata tak moja.

Mama akainua mikono, "Bwana asifiwe!" Kisha akanigeukia pole pole.

"Lakini fundi, uliiona aje na tulikuwa tumefumba macho?"

Jumapili tuko naye kanisa moja. Nimwambie nini?