Meza Aliyoikata Sefania

Dorothea alikuwa mpiga chapa wa kijiji cha ujamaa juu ya Lushoto, na kazi aliifanyia nyumbani kwa kuwa ofisi haikuwa imeezekwa. Mashine aliichagua mwenyewe, ndogo, yenye vitufe vyepesi, akaitandikia blanketi kupunguza kelele. Lakini meza ilikuwa ndefu mno na mabega yalimuuma, mpaka mumewe Sefania alipompima kwa kamba toka sakafuni hadi kiwikoni, akaikata meza miguu. Tangu hapo alichapa kutwa bila maumivu.

"Meza ya kuku, kazi ya ng'ombe," Sefania alizoea kumtania.

Sefania alifariki wakati wa masika. Siku ya kuanua matanga, majirani walikuja, kama ilivyo desturi, kumalizia kazi alizoacha marehemu. Dorothea aliporudi kutoka makaburini alimkuta Januari, fundi seremala na rafiki wa marehemu, akifuta jasho mlangoni.

"Shemeji, paa tumeliziba. Na ile meza nimeiunga miguu. Ilinitia aibu, rafiki yangu kukosea kipimo namna ile na mimi fundi nipo."

Dorothea aliiona. Mbao zilikuwa mpya, zimepigwa randa, hazichezi.

"Asante, shemeji. Mungu akubariki."

Jumatatu aliketi kuchapa. Vitufe vilimfika kifuani. Angeweza kuomba ikatwe tena, lakini Januari angeaibika mbele ya kijiji kizima, na wa kumpima alikuwa Sefania peke yake. Akachapa tarehe. Karatasi ikalowa machozi, akaitoa, akaweka nyingine.