Kama Nyongeza Ile Ilifaa Kununuliwa

Mume wangu alikuwa ameshaumaliza ule mchezo wake wa kompyuta, akauanza upya, akaumaliza tena, na mimi nikadhani sasa atainuka tuzungumze habari ya kurudi Wamaza, kijijini kwake. Hakuinuka. Alikaa vilevile kwenye benchi la mama yangu, hapa Kasongo, akaniambia kwamba mchezo haujaisha kweli. Kuna nyongeza zake, alisema, ambazo mtu hununua na kuzishusha kwa intaneti, na ukizipata unaona nchi nyingine kabisa. Nilimuuliza kama ile nchi aliyoikimbia haimtoshi. Akacheka kidogo, na kwa kuwa sikuwa nimemsikia akicheka tangu tufike, nikamwacha aendelee.

Mchezo wenyewe ni huu. Dunia imeteketea kwa mabomu, na wewe unatoka shimoni ulikokuwa umejificha. Unajichagulia sura, unachagua utakavyowajibu watu, kama utawasaidia au utawapora, halafu unatembea katika miji iliyobomoka ukiokota vitu. Niliutazama sana, maana kazi yangu ni kuchaji simu za watu hapo kibarazani, na kompyuta ile ilikunywa umeme wa paneli yangu hiyohiyo ya jua. Kilichoniudhi ni jinsi alivyokuwa akiingia katika kila nyumba iliyovunjika na kukuta makopo ya chakula, dawa, risasi, hata shuka kitandani.

“Mutu aliyetunga hii,” nilimwambia, “hakuna siku walimuibia.”

Nyumba yetu ya Wamaza tulisimuliwa ilivyoachwa. Wale watu wenye bunduki waliotukimbiza waliondoka na mabati, mlango, fremu ya mlango, na mchi wa kutwangia. Kinu walikiacha kwa sababu kilikuwa kizito. Nani atarudi pale baada ya miaka akute kopo la maharagwe limemsubiri?

Mimi ni mtoto wa Kasongo, wa ukoo wa wauza duka na wa msikitini, na niliposema naolewa Wamaza shangazi zangu walicheka mpaka wakakohoa. Walisema sitaweza jembe. Niliweza. Mume wangu alikuwa amefanya kazi ya kuchimba dhahabu kule Lusangi kwa misimu kadhaa, na huko ndiko alikoinunua kompyuta, kwa mchimbaji mmoja wa Bukavu aliyekuwa anarudi kwao, mchezo ukiwa tayari ndani. Aliporudi alikuwa mtu wa kuamka kabla ya adhana, akiwa shambani wakati mimi bado natafuta viatu. Siku ya kukimbia mimi nilibeba sufuria na mtoto mdogo, yeye akambeba mkubwa, na kompyuta mgongoni. Nilimtania njia nzima kwa sababu hiyo. Tulipofika kwa mama yangu aliketi kwenye benchi, na mtu yule wa kuamka kabla ya adhana sijamwona tena.

Katika kiangazi jirani yetu wa Wamaza alikuja Kasongo kuuza mafuta ya mawese, akapita kutusalimia. Alisema njia imetulia. Watu wanarudi mmoja mmoja, wanalala chini ya turubai, wanafyeka. Kisha akavuta kiti karibu na mume wangu.

“Chefu wa kijiji amesema, kaka. Shamba yenye mwenyewe hajaonekana mpaka mvua ya kwanza, itapewa mutu mwingine. Kuja wewe mwenyewe, akuone na macho.”

“Na mimi nikikuja?” niliuliza.

“Dada, unajua. Udongo iko wa ukoo yake. Wewe utasimama pale kama nani?”

Nilijua. Shamba lile ndilo kitu pekee tulichobaki nacho duniani. Lilikuwa na bonde la mpunga na miti ya mawese ambayo baba yake aliipanda, na halikuhitaji kitu kingine ila yeye asimame juu yake aonekane. Mume wangu alimsikiliza jirani mpaka mwisho, akauliza kama kisima kimefukiwa, akaambiwa hapana. Akasema, “Tutaona.” Jirani akaahidi kurudi na pikipiki wingu la kwanza likionekana, waende pamoja.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu zangu za kike. Nilimwambia mume wangu nitamnunulia nyongeza moja, ile aitakayo, lakini naye siku jirani akija apande pikipiki bila maneno. Akasema ndiyo. Hata mkono alinipa, kama tunauziana mbuzi.

Nikaichukua kompyuta, nikaenda kwa mwenye antena, yule bwana wa karibu na soko ambaye ana intaneti ya satelaiti na ndugu wa Kampala mwenye kadi ya benki. Naye alikuwa mgonjwa wa mchezo uleule, kwa hiyo alinipokea kwa heshima zote, akanikalisha.

“Mama, nisikudanganye,” alisema. “Hizi estansion, hizi nyongeza, haziko sawa. Iko moja ya nguo na bunduki mupya tu. Ile ni wizi, wacha. Iko ingine ya inchi ya teluji. Hadisi yake ni muzuri lakini inaisha mbio, na kisha hapo mutu anabaki vile alikuwa. Iko hii ya kujenga. Haina hadisi. Unapewa kiwanja, unajenga nyumba, unalima, unaweka watu ndani. Kwa ile mutu hachoke hata siku moja.”

“Na ipi inafaa kununua?”

“Kama unataka afurahi, ya kujenga.”

Niseme ukweli, nilifurahi kuliko mume wangu. Kujenga! Kulima! Niliwaza kwamba mikono yake itakumbuka. Ataweka ukuta ule wa uongo, atapanda ile mihogo ya uongo, na hamu itamshika ya udongo wenyewe. Nilijiona mjanja sana. Nililipa, nikaiacha kompyuta pale ikishusha polepole, na jioni nikairudisha nyumbani kichwani kama beseni la samaki.

Kwa wiki zilizofuata nilipoteza wateja, maana betri ilikuwa ikiisha kabla ya simu zao kujaa, na wakahamia kwa jirani wa mbele. Sikujali. Mume wangu alikuwa akijenga. Kwanza alifanya vibanda vya ovyo, akavibomoa. Halafu siku moja aliniita.

“Mama, kuja uone.”

Niliona kiwanja juu ya mteremko, na chini yake maji. Nyumba ilikuwa ndefu, ya vyumba vitatu, na baraza upande wa asubuhi. Chumba cha watoto kilikuwa na dirisha dogo lililokaa juu kuliko mengine, kwa sababu ya mwizi wa kuku aliyewahi kuingia kwetu. Nyuma aliacha uwanja mtupu, nami nikajua bila kuambiwa kwamba pale ndipo nilipokuwa naanika mpunga. Katika mchezo ule hakuna mpunga. Aliuacha uwanja tu, mahali pake palepale.

Nililia. Nilimshika bega nikamwambia, “Utaijenga tena, baba. Kweli utaijenga.” Akaitikia kwa kichwa. Siku zile nilipika vizuri, nikamfulia shati lake la safari, nikalikunja nikaliweka juu ya begi. Mama yangu alinitazama akasema nimekuwa bibi harusi tena. Nilikuwa hivyo hasa.

Mawingu yalianza kujikusanya, na asubuhi moja jirani akafika na pikipiki, amefunga majembe nyuma, hata hakutaka chai. Niliingia ndani na begi mkononi. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, mbele ya kompyuta. Nyumba yetu ilikuwepo, lakini sasa ilikuwa imezungukwa na ukuta mrefu kupita paa, na juu ya ukuta bunduki zinazojigeuza zenyewe kutafuta mtu. Nilitafuta njia ya kuingilia, nikazunguka na macho pande zote.

“Umesahau mulango,” nilisema.

“Sikusahau.”

“Sasa mutu ataingia wapi?”

“Hakuna mutu ataingia.”

“Na sisi tutatokea wapi?”

Nikamwambia jirani amefika, shati liko hapa, tulipeana mkono. Nilisema kwa upole, halafu nikasema kwa hasira, halafu nikamwomba kwa jina la watoto. Akaongeza bunduki nyingine juu ya ukuta, na nikaona kwamba si ukaidi. Mtu yule alikuwa anaogopa, anaogopa mpaka kwenye mifupa, na alikuwa akiogopa hivyo tangu siku tuliyotoka, wakati mimi nikimtania njiani.

Jirani alisubiri sana. Kisha akasema atamweleza chefu kwamba kaka anaumwa, akawasha pikipiki, akaenda zake. Mvua ya kwanza ilinyesha kabla ya Ijumaa.

Watu wanaokuja kuchaji simu hujua kwamba mume wangu ni fundi wa mchezo ule, na wengine huniuliza kama kweli zile nyongeza zina faida au ni kutupa tu. Ya nguo na bunduki usinunue. Ya theluji, kama una cha kupoteza, nunua, inaisha na mtu anarudi nyumbani. Ya kujenga inastahili bei yote waliyoiomba na zaidi, na mtu wako haendi tena popote. Nawaambia hivyo, wanacheka, wanadhani natania.

Habari ya shamba ililetwa na muuza mawese mwingine. Limepewa mtu wa upande wa mto, ameshapanda, na mpunga umeshatoka. Niliingia kumweleza mume wangu. Nilikuwa nimejaa maneno, ya miaka yote, na safari hii sikukusudia kumbakizia hata moja. Nilipomwambia hakuuliza ni nani. Alisogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja.

“Ikala hapa, mama. Huku hakuna mutu atatunyanganya.”

Nilisimama. Halafu nikakaa. Nilimuuliza jiko langu liko upande gani, akanionyesha, na mimi nikamwambia alisogeze kidogo, lisije likaingiza moshi kwa watoto.