Kiraka cha Mfupa

Mama Mapazia alikuwa na bega lisilo na adabu. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia na kuyatundika, mtu wa kushinda juu ya ngazi mikono hewani, na bega lake la kulia lilichagua saa hizo hizo kuchomoka. Lilichomoka sebuleni kwa mwanasheria, likachomoka harusini akimpungia bibi harusi, na siku moja lilichomoka kwa kucheka tu. Nyumbani walishazoea. Akipiga yowe, mama mkwe alikuja mbio na mto wa kumwekea kwapani, na mumewe akatoka kutafuta gari la hospitali.

Mwisho daktari wa mifupa akamweka kitako.

"Mama, kikombe cha bega lako kimelika ukingo kwa mbele, ndiyo maana kichwa cha mfupa wa mkono kinateleza kila kukicha. Sasa hapa mbele una kimfupa kimechomoza. Nitakikata pamoja na misuli yake, nikikaze kwa skrubu mbili pale palipolika. Kikiungana, ndio ukingo wako mpya."

"Yaani unakata pindo uzibe kwapa."

"Hivyo hivyo."

"Na pindo je?"

Daktari alicheka, akasema pindo halitalalamika, na ile misuli itazidi kulishikilia bega kwa mbele. Mama Mapazia naye alicheka, lakini roho haikutulia. Nguo yenye kiraka huvaliwa kwa tahadhari, nani asiyejua?

Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya mazoezi ya miezi, eksirei ilionyesha mfupa umeungana, akaambiwa arudi kazini. Alimwonyesha picha ile kila aliyepita mlangoni, akijivunia bega ambalo mtaa mzima hakuna mwenye kama hilo. Ila mkono wenyewe haukupita usawa wa sikio. Aliogopa, basi. Ngazi akamwachia mumewe, na moyoni akajiuliza kama ufundi wake ndio umekwisha hivyo.

Mumewe akaanza na mapazia ya nyumbani. Akayatundika bitana ikitazama chumbani.

"Baba watoto! Umegeuza!"

"Si yamefunika dirisha?"

Mama Mapazia alipanda kiti, hasira na kicheko vikimpanda pamoja. Akachomoa pete za pazia, akageuza kitambaa, akaanza kutundika upya huku akimsema mumewe kuanzia siku waliyooana. Akasikia hatua za haraka nyuma yake. Akageuka. Mumewe ameshavaa viatu, mama mkwe amekumbatia mto.

Ndipo alipoutazama mkono wake. Ulikuwa juu kabisa, kwenye fimbo ya pazia, na bega limetulia tuli.

"Mwanangu, hujasikia kitu?"

"Sijasikia kitu, mama!"

"Sasa huu mto niupeleke wapi?"

"Ukalie, utazame kazi!"

Akaunyanyua mkono tena, safari hii bila pazia wala pete, akapunga dirishani kwa furaha mpaka majirani wa ng'ambo wakampungia, bila kujua wanasherehekea nini.