Mama Usiguse

Jina la Mama Usiguse alipewa na watu wale wale waliokuwa wakimgusia kazi yake, na hilo linaniudhi mpaka leo. Mtu anakuharibia, unamwambia aache, kisha anakugeuza kichekesho. Kwangu mimi yeye ni wifi, mke wa kaka yangu, kwa hiyo kumtania ni haki yangu tangu siku ya harusi. Wao haki hiyo waliitoa wapi?

Tulifanya kazi ofisi moja. Kampuni ilikuwa inaunda mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua. Mimi niliandika kijitabu cha maelekezo, wifi alikuwa mhandisi wa programu. Mashine yenyewe ilikuwa bado kwenye michoro, hivyo programu yake iliendeshwa ndani ya simuleta, yaani programu nyingine inayojifanya ndiyo mashine, na pampu yake, na saa yake, hata na mapafu ya mgonjwa wa kubuni. Na humo ndani programu ilikuwa inaganda. Inavuta pumzi, inashusha, inavuta tena, halafu kimya. Haitoi ujumbe wa kosa wala haizimiki. Inakaa tu kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kusema. Kazi ya wifi ilikuwa kujua kwa nini.

Simuleta ina uzuri wake. Kitu kikiganda humo unaweza kukifungua, ukaona kila kipande kimesimama wapi na kinamngoja nani. Ila inakwenda polepole mno. Kuifikisha mahali pa kuganda kulimlia wifi siku nzima. Na sharti lake ni moja: ikishaganda, isiguswe mpaka aifungue.

Sasa, meza ya wifi walikuwa wameiweka karibu na birika la chai.

Pale ofisini kulikuwa na desturi ya kuamsha. Programu ikiganda, mtu anabonyeza kitufe chochote kwenye kibodi, nayo inaendelea kama vile hakuna lililotokea. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Basi mtu anakuja kujimiminia chai, anaona kioo cha kompyuta ya wifi kimetulia, anabonyeza, anaondoka na kikombe chake huku roho yake safi kabisa.

"Nimekuamshia, dada!"

"Umeniamshia nini?"

"Si ilikuwa imelala?"

"Nilikuwa naingoja ilale tangu asubuhi!"

Siku imekwenda na maji. Kesho yake anaanza upya. Akabandika karatasi juu ya kibodi, USIGUSE, kwa herufi za kumtosha hata mwenye macho mabovu. Mhasibu wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, akabonyeza kwa kijiko cha chai, kisha akasema yeye hakugusa, kijiko ndicho kilichogusa. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mimi nilitamani kijiko kile nimmezeshe.

Akaomba ahamishwe meza, akaambiwa nafasi hakuna. Akahamishia kibodi mapajani, akaipakata kama mtoto anayeumwa. Ndipo likazuka hilo la Mama Usiguse.

Nyumbani siku hiyo alifika amevimba kwa hasira. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache, na jioni ile nilikuwepo, nimekwenda kuwasalimia.

"Mke wangu, kwani hicho kitu kikibonyezwa kinaendelea, si kimepona?"

"Hakijaponaa!" Alivuta hilo neno mpaka watoto wakachungulia. "Sikiliza. Humo ndani kuna wawili. Mmoja anapima pumzi, mwingine anaendesha pampu. Wa pampu akikosa kazi analala, na mpimaji kazi yake ni kumpigia hodi. Naona siku nyingine hodi inapigwa wakati wa pampu ameshageuka kwenda kulala lakini hajalala bado. Haisikii. Analala. Na mpimaji amepiga mara moja tu, anakaa mlangoni anangoja aitikiwe. Wanangojana hivyo hivyo."

"Na ukibonyeza?"

"Kishindo kinaamsha nyumba nzima. Lakini hayo mimi nahisi tu. Sijawahi kuwakuta, kwa sababu kila nikifika mlangoni kuna mtu kashapiga kishindo!"

Kaka akafikiri. "Kwa hiyo ni geti langu lililosimama wima kwa sababu mimi mwenyewe nimelishika."

"Mwambie dada yako aliandike hilo kwenye kijitabu chake," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akacheka.

Wiki iliyofuata programu ikaacha kuganda. Majaribio yote yakapita, kila mstari wa kijani. Meneja akapita meza kwa meza akipeana mikono. Wifi peke yake alinuna.

"Sijarekebisha kitu," akaninong'oneza. "Imeponaje?"

Akachimbua mpaka akakuta. Meneja alikuwa ameagiza kiwekwe kidole ndani ya majaribio, kijiprogramu kinachobonyeza kitufe chenyewe, tena na tena, bila kuchoka. Hakumwambia wifi. Sisemi alifanya kwa kutojua. Mtu asiyejua hafichi.

Wifi akaingia ofisini kwake bila hodi, nami nikamfuata mpaka mlangoni, sitaki kudanganya.

"Bosi, umefunika ugonjwa."

"Dada yangu, tulia. Hii ni simuleta tu. Kwenye mashine yenyewe huenda isitokee kabisa."

"Kwenye mashine yenyewe kidole ni cha nani?"

Meneja akanigeukia mimi, anatabasamu. "Mwandishi wetu atatusaidia. Andika hivi kwenye maelekezo: mashine ikisimama, bonyeza kitufe chochote."

Alisema kwa sauti ile ile ambayo mtu anaagizia chai. Kisha akamkumbusha wifi, kwa upole wa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba mkataba wake unaisha mwezi ule, na kwamba Alhamisi wanakuja wageni wa hospitali kuiona programu, na yeye ndiye atakayesimama mbele yao na kusema iko tayari. Akisema, ana mkataba mpya. Asiposema, kila la heri.

Alhamisi wakaja, watatu, na mbele yao muuguzi mkuu, mama mnene wa viatu vya raba, ambaye alisoma kijitabu changu kabla hata ya kukaa. Mstari ule nilikuwa nimeuandika kama nilivyoagizwa. Sikuupamba.

Wifi akaanza kuwaonyesha. Programu ilikuwa inakwenda, mchoro wa mapafu unapanda na kushuka taratibu. Saa ya ndani ya simuleta, pembeni ya kioo, ilikuwa inajikokota. Meneja hakujua mambo mawili. La kwanza, wifi alikuwa amekitoa kidole. La pili, simuleta haina bahati nasibu: ukiianzisha kutoka pale pale ulipoihifadhi, itaganda pale pale ilipoganda jana. Naye alikuwa ameihifadhi pumzi chache kabla haijaganda, ingawa mtu aliiamsha tena kabla hajaifungua.

Mapafu yakashuka, hayakupanda.

Na ile saa ya pembeni ikaanza kukimbia. Watu wa ofisini walikuwa wakiifurahia ikikimbia, wakidhani sasa kazi inakwenda kasi. Kumbe inakimbia kwa kuwa humo ndani hakuna anayefanya kitu, hakuna cha kuichelewesha.

Meneja akanyoosha mkono kuelekea kibodi, anachekacheka. "Inahitaji kuamshwa kidogo tu."

"Usiguse," wifi akasema.

Hakupaza sauti. Na mbele ya wageni Meneja hakuweza kung'ang'ania. Mkono ukabaki hewani, kisha ukarudi mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze, kitu kikaganda na kuachwa kimeganda.

Muuguzi mkuu akasogeza kiti. "Mwanangu, hapo mgonjwa anapumua?"

"Hapumui, mama."

"Na hiyo saa inayokimbia ni ya nini?"

"Ni ya kwake. Hizo ni dakika zake."

Muuguzi akaitazama. Dakika zilipita pale mbele yetu, moja baada ya nyingine, mapafu yamelala. Mgeni mmoja akakohoa kisha akajuta kukohoa. Muuguzi akafungua kijitabu, akasoma kwa sauti: "Mashine ikisimama, bonyeza kitufe chochote." Akakifunga. "Mimi usiku nina wodi nzima na wauguzi wawili. Nani ataibonyeza?"

Wifi yeye alikuwa ameshainama. Aliifungua programu iliyoganda, polepole, mistari ikijipanga kwenye kioo, na akawakuta. Mmoja amelala, mwingine yuko mlangoni anangoja kuitikiwa, na ile hodi imeanguka katikati yao, kama alivyomwambia kaka yangu. Akamwonyesha muuguzi kwa ncha ya kalamu.

"Hiyo inatengenezeka?" muuguzi akauliza.

"Inatengenezeka. Nilikosa kuachwa niione tu."

"Basi itengeneze. Siku ukiniambia wewe kwamba iko tayari, nitakuja. Si mwingine, wewe."

Meneja alijikosha haraka, hilo lazima nimkubalie. Wageni walikuwa hawajafika kwenye ngazi, tayari ilikuwa ni "sisi tulivyogundua," na "timu yetu," na mkataba mpya haukuwa tena na shaka yoyote. Akaja mezani kwa wifi na tabasamu lake lote, mkono mbele, kumpongeza.

Wifi aliutazama ule mkono, kibodi imesharudi mapajani.

"Usiguse," akasema, akarudi kwenye kazi yake.