Dakika Ishirini na Moja za Hatua ya Sita

Nilipoketi kucheza sataranji na jirani yangu kwa mara ya mwisho, nilijua kwamba asubuhi yake angefukuzwa nyumbani kwake. Yeye hakujua. Au ndivyo nilivyoamini.

Tulifanya kazi karakana moja na kukaa mtaa mmoja huko Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi wa Kolwezi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba; yeye alizaliwa Kolwezi, na Kasai hakuwahi kuiona. Kila Jumamosi tulicheza barazani kwake. Aliandika kila hatua kwenye daftari, na pembeni dakika zilizotumika, akitazama saa yake ya mkononi. Mshindi alikaa na daftari mpaka Jumamosi iliyofuata.

Mchana ule shemeji yangu, aliyekuwa amejiunga na vijana wa chama kilichotaka watu wa Kasai waondoke, alinionya nisionekane kwa jirani. Alisema, "Kesho tunatoa bale bilulu." Bilulu ni wadudu, ndivyo walivyowaita watu wa Kasai siku hizo. Nilikwenda hata hivyo, nikijiambia nitamwambia tukishapanga ubao.

Nikaanza kwa ufunguzi uitwao wa Kihispania, kama kawaida. Hatua tano za kwanza zina sifuri pembeni, tulikuwa tumezikariri. Hatua yake ya sita ni kusogeza pioni na kumtishia askofu wangu, jambo alilolifanya kila Jumamosi bila kufikiri. Daftari linasema: dakika ishirini na moja. Nakumbuka mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, akituletea chai, na jirani akinitazama mimi, si ubao.

"Tata, uko na kitu ya kuniambia?" aliniuliza. Tata, yaani baba, ndivyo tulivyoitana.

"Cheza, tata. Saa inaenda."

Niliogopa. Akihama kabla ya kukucha, shemeji angejua ni nani aliyesema. Akasogeza pioni. Toka hapo alicheza ovyo. Nilishinda kwenye hatua ya kumi na tisa, nikaondoka na daftari kwapani.

Walimtoa alfajiri. Majuma matatu alilala na mkewe uwanjani pale stesheni. Nilipita mara mbili, kwa mbali. Kisha wakapakiwa kwenye mabehewa ya wazi.

Nimeupanga mchezo ule upya mara nyingi mno, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kusema. Kila hatua ingefaa.

Mtu aliyesafiri kwenye mabehewa yale aliniandikia kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Mama mmoja alijifungua behewani kabla ya stesheni ya Kamina, na gari la moshi halikusimama. Hakujua ni mama yupi.